Chuma Mahali pa Shokapu

Kilichoumbiwa kunesa hakikazwi. Maneno hayo niliyakuta asubuhi nilipotumwa chumvi, yameandikwa kwa rangi nyeupe kwenye mpira wa kuzuia matope, nyuma ya pikipiki iliyosimama pale dukani. Nikarudi na maneno hayo kichwani. Jikoni Bibi alikuwa anachambua maharage, mdogo wangu Mbaruku anamsumbua, nikayasema taratibu kama najisemea mwenyewe. Mbaruku ndiye aliyedakia.

"Bibi, hiyo methali ni ya wahenga?"

Bibi akacheka, kicheko kisicho na raha. "Wahenga gani? Methali hiyo ni changa kuliko dada yako. Imezaliwa humu humu ndani. Kaeni basi, niwaambie ilivyoanza."

Akasema hivi.

Baba yenu na Nasoro, mume wa shangazi yenu Sekina, walikuwa na pikipiki moja ya shirika, nusu kwa nusu. Asubuhi Nasoro anashushia kabichi sokoni, mchana baba yenu anabebea abiria. Njia ya huku mlimani mnaijua: mawe, mifereji ya mvua, kona juu ya kona. Gurudumu la nyuma lazima lipande na kushuka, lifuate jiwe, lifuate shimo. Ndiyo kazi ya zile shokapu mbili za springi. Wewe uliyekaa nyuma unanesa, lakini tairi haliachi ardhi.

Sasa ukipakia kabichi nyingi, pikipiki inakalia mkia, matenga yanasaga tairi. Vijana wa mzigo walishajipatia dawa yao. Wanamwendea mchomeleaji, anatoa shokapu, anachomelea chuma mahali pake. Nyuma inakuwa ngumu kama benchi. Unapakia mpaka dereva haonekani.

Nasoro naye akalitaka hilo. Jioni moja akamwambia baba yenu, hapa hapa, mimi nasonga ugali.

"Shemeji, kesho naipeleka tuitie chuma."

"Kwani hiyo ni pikipiki au punda?"

"Punda anakulisha, na bado unamtukana!"

"Kabichi haina kiuno, Nasoro. Abiria wangu wanacho. Na kwenye mawe itarukaruka kama mbuzi, haitashika njia."

"Aa, wewe umezoea kubeba wanawake wanaonukia, umelegea. Mwanamume anakaza!"

Tukacheka sote. Sekina naye alicheka, ameshika tumbo. Ilikuwa mimba yake ya kwanza. Walikuwa wameitafuta miaka, mpaka watu walishaanza kumsema njiani. Na kama ilivyo kwetu, uzazi wa kwanza mwanamke anakuja kujifungulia kwa mama yake, kwa hiyo alikuwa ameshahamia hapa kwangu.

Baba yenu hakuendelea na utani. Akasema, "Hii ni yetu wote wawili. Usiiguse mpaka tukubaliane."

Nasoro akasema, "Sawa, shemeji."

Wiki hiyo ukatokea msiba Korogwe, baba yenu akaenda. Nasoro hakusubiri hata basi lifike bondeni. Akaipeleka pikipiki kwa mchomeleaji. Siku ya gulio akashuka na matenga yamepandana, wenzake wanampigia makofi pale kijiweni. Alikuwa anatembea kama bwana harusi. Mimi sikujua lolote, nilimwona tu anapita.

Uchungu ukamshika Sekina mchana mmoja, baba yenu bado yuko msibani, mvua inamwagika. Gari la kijiji lilikuwa limekwama huko chini. Nasoro akaja mbio na pikipiki. Tukapanda mshikaki: yeye mbele, Sekina katikati, mimi nyuma nimemkumbatia mwanangu.

Nilipokaa tu, nikajua. Pikipiki ile ilikuwa na desturi ya kukupokea. Siku ile ilikuwa kama kukalia jiwe la kusagia.

"Nasoro, umeifanya nini hii?"

"Mama, shika vizuri."

"Nakuuliza, umeifanya nini?"

Akatia gia, tukaondoka. Kila jiwe tulilokanyaga lilipanda moja kwa moja mpaka kwenye uti wa mgongo. Sekina akawa analia, "Polepole, Nasoro, polepole." Na kweli alipunguza mwendo, siwezi kumsingizia. Lakini mwendo haukuwa tatizo. Tairi lilikuwa linagonga na kuruka, linagonga na kuruka, halikai chini. Kwenye ile kona, mawe yamelowa, likaruka likakosa pa kushika. Nyuma yote ikatupwa pembeni. Mimi niliangukia majani. Sekina aliangukia tumbo.

Zahanati walifanya walichoweza. Mtoto alitoka kimya. Wa kiume. Nilimpokea mikononi mwangu, nikamfunga kanga niliyokuwa nimeinunua kwa ajili ya furaha. Na Sekina hakubeba mimba tena. Mnamwona.

Baba yenu alirudi kutoka msiba ule akakuta huu. Hakumsalimia mtu. Alikwenda kwenye pikipiki, akachuchumaa, akakishika kile chuma kwa mkono. Nasoro akamfuata, macho mekundu.

"Shemeji, ni mvua ile."

"Mvua tumezaliwa tukaikuta."

"Hata ningekuwa na shokapu..."

"Ulinisubiri nitoke," baba yenu akasema. Hakupandisha sauti. "Ungenikatalia usoni, tungegombana, ningekujua ni mbishi. Ulisema sawa, halafu ukanisubiri nitoke."

Baba yenu akainuka, akamrushia ufunguo.

"Chukua pikipiki. Upande wangu nimekupa. Sekina anabaki hapa."

Nasoro akaondoka anaisukuma, hakuipanda. Akakikata kile chuma kwa mkono wake, akarudisha shokapu. Pale kijiweni wenzake wakamshangaa: "Wewe, mzigo si ulikuwa unakaa vizuri?" Akawajibu kwa hayo maneno uliyoyasema, mjukuu wangu. Wakayapenda, wakayaandika kwenye mipira ya matope. Wengine wameyaandika na nyuma wamechomelea chuma vilevile. Hawajui yametoka kwa nani, wala nani alizikwa.

Bibi akatoa jiwe kwenye maharage, akalitupa nje. Mbaruku akauliza kwa sauti ndogo, "Na Baba alimsamehe?"

Siku ile ile Nasoro alipokitoa chuma, Bibi akasema, alimtumia baba yenu ujumbe. Tulikuwa tunakula. Baba yenu alinisomea kama anavyosoma bei ya mbolea: "Shemeji, nimekitoa. Kilichoumbiwa kunesa hakikazwi. Nijibu, hata kwa tusi."

Akailaza simu kifudifudi, akamega tonge. Mpaka leo hajamjibu.