Ngumi ya Kupimia Nyavu

Tulieni wajukuu zangu, masikio mbele. Kulikuwa na enzi, na enzi hiyo ilikuwa na ziwa, na ziwa hilo lilijaa samaki waitwao ngege, tele. Mnaniuliza liko wapi? Mngelijua ninyi, mngekuwa mnakula mchicha kila siku?

Basi, watu wa ziwa hilo walikuwa na desturi. Kila wavu mpya ulipelekwa kwa mpimaji, Bibi Kalunde, mama mwenye mikono mikubwa. Alikunja ngumi, akaipitisha kwenye tundu la wavu. Ngumi ikipita, wavu unaingia majini. Ngumi ikikwama, wavu unafumuliwa. Hivyo vifaranga vya ngege vilipenya, vikakua, vikazaa. Watu wakala, wakashiba.

Lakini wavuvi wakaanza kunung'unika. Mkubwa wao, Nsolo, akasema, "Bibi, mkono wako umechoka. Pumzika sasa. Kazi tumpe mkwe wako, Milembe."

Mnajua kwa nini Milembe? Ngumi yake ilikuwa kama limau! Desturi hawakuivunja, wanangu. Waliipa mkono mwingine tu.

Kalunde akamwambia, "Kataa, mwanangu."

"Mama, wameniheshimu. Nitawakatalia vipi?"

Hakukataa. Laiti angekataa! Ngumi ndogo ikapita, nyavu zikaingia. Ikapita, zikaingia. Mwanzoni mitumbwi ilirudi imejaa pomoni, watu wakamshangilia. Kisha ngege wakawa wa kiganja. Kisha wa kidole. Kisha nyavu zikatoka na majani matupu.

Ndipo Kalunde akaugua, chakula hakimpiti kooni. "Mwanangu," akasema, "mchuzi wa ngege tu. Hata kijiko kimoja."

Milembe akakimbilia kwa Nsolo. "Kaka, nisaidie ngege mmoja, mama ananifia!"

Nsolo akainamisha kichwa. "Dada yangu, hata wanangu wamelala njaa."

Milembe akatupa wavu mwenyewe, huku na huku, mpaka mikono ikachubuka. Hakupata kitu. Akarudi, akachemsha maji, akatia chumvi, akamnywesha mkwewe.

Kalunde akanywa, akatabasamu. "Ahsante, mwanangu. Ngege huyu ni mtamu."

Milembe akatoka nje, akalia.

Wajukuu zangu, mkirithi kipimo, ulizeni kwanza kilikuwa kinalinda nini. Nami kisa nakitua hapa chini. Mwenye nguvu za kukibeba, akibebe.