Kwa Nini Dafu Haliitwi Nazi

Hapo kale, mnazi ulipokuwa bado haujapata wa kuusemea, watu wa pwani walikuwa na neno moja tu: nazi. Chochote kilichoning'inia juu, kichanga kwa kikavu, kiliitwa nazi. Na kwa kuwa jina lilikuwa moja, macho nayo yaliona kitu kimoja. Mkwezi akipanda, anaangua vyote. Wee! Minazi ikabaki makuti matupu, na watu wanashangaa kwa nini hawashibi.

Ikawa Mashavu, binti wa Mwanamkuu, ameshikwa na homa ya kutapika. Uji haukukaa tumboni, maji ya kisima hayakukaa. Mamake akakumbuka maji matamu ya nazi fulani aliyokunywa utotoni alipougua, yakamtulia tumboni. Ulimi wake uliyajua, ila hakuwa na namna ya kuyataja. Akamwambia mumewe, Kombo, ambaye ndiye mkwezi: "Baba Mashavu, niangulie nazi."

Mtaa mzima ulikuwa umebaki mnazi mmoja wenye matunda. Kombo akapanda, akaangua moja. Ilikuwa ngumu, maji yake makali, mtoto akatapika. Akaangua ya pili. Hiyo ilikuwa changa mno, haina hata tone.

"Siyo hiyo! Ile nyingine!"

"Nyingine ipi, mke wangu? Nazi si nazi?" Akainua panga afyeke mashada yote, amalize kazi.

Mwanamkuu akaona mwanawe anamponyoka hivi hivi kwa kukosa neno. Akapiga ukelele, na jina likamtoka lenyewe. "Usikate! Nataka dafu!"

"Dafu ni kitu gani?"

"Ile ya kijani! Ukiitikisa iko kimya kwa kujaa maji!"

Kombo akatikisa. Hii inacheza maji. Hii nayo inacheza. Hii kimya! Akabaki ameukumbatia mnazi, mdomo wazi. Miaka yote ya kukwea, hakuwahi kuona kuwa shada hili si rika moja na lile.

"Mama Mashavu! Mbona huku kuna na wadogo zake? Nao waitwaje?"

"Wadogo zake baadaye! Shuka na dafu, mwanao anakufa!"

Mashavu akanywa, yakatulia. Alipopata nguvu, watatu hao wakaketi wakitazama juu, wakawapa na ndugu za dafu majina yao.

Na tangu siku hiyo, mahali mgeni anapoona nazi tu, mtoto wa pwani huona kidaka kisicho na maji, kitale kinachoanza kujaa, dafu, koroma linaloelekea kukomaa, na nazi ya kukuna. Mkwezi huacha kitale kikue, kwa sababu anakiona. Na mama mwenye mgonjwa hapigi tena ukelele. Husema "dafu" mara moja, akaletewa.