Vidole vya Bi Nambua

Hapo zamani, zamani ya juzi juzi tu, meno yangu ya mbele yakiwapo bado, kijiji chetu kilikwenda kumchagua diwani. Wagombea wawili: mmoja wa daraja, mmoja wa uwanja wa mpira. Bi Nambua, mfinyanzi, alilitaka daraja kuliko sote. Udongo wake uko ng'ambo ya mto, na masika yaliyopita mto ulimchukua mwanawe akivuka na kikapu.

Sheria ilikuwa mpya: uonyeshe kadi, na mashine isome kidole. Kimoja kikikosekana, jirani wa mlango wa karibu akuapie; karani haruhusiwi. Na kila mtu huapa mara moja tu, kwa mtu mmoja tu.

Bi Nambua akatoa kadi. Akaweka kidole. Mashine kimya. Cha pili, kimya. Cha kumi, kimya. Miaka arobaini ya udongo imekula mistari yote.

"Mama, mimi nakujua," akasema karani Chitanda. "Mtungi wako ndio ninaonywea maji. Lakini mashine haikujui."

"Wewe na mashine nani mkubwa, mwanangu?"

"Mashine, mama. Si nilikwambia uipumzishe mikono wiki mbili, mistari irudi?"

"Na vyungu vya harusi kwa Mama Hidaya angefinyanga nani?"

Mama Hidaya, jirani yake wa kulia, akaruka: "Ningejuaje, dada? Harusi haingoji uchaguzi! Na kiapo nimeshampa mama mkwe. Mkwe haachwi nje!"

Wote wakanigeukia mimi, jirani wa kushoto. Mimi niliyevuka mipaka sita, pasipoti ikachakaa kwa mihuri, mjuzi wa makaratasi kuliko wote! Kiapo changu nilikwisha kumpa Ngwembe, mpiga zumari, mwenye vidole kumi vizima, aliyesahau kadi kilabuni.

"Hukuweza kutazama nyuma yako kwanza?" Bi Nambua akaniuliza, taratibu.

Sasa ndipo nikatazama nyuma. Ngwembe akaninong'oneza, "Asante, kaka. Nimempa wa uwanja."

Kura zikalingana. Ikarushwa shilingi. Daraja likaanguka kabla ya kujengwa. Kesho yake Bi Nambua akaingia mtoni, kikapu kichwani, maji kifuani.

Karani asema: nilifuata sheria. Mama Hidaya asema: sikujua. Bi Nambua asema: mikono hii ndiyo inayonilisha. Nami nasema… hata sijui nasema nini. Nikijilaumu, namwona karani. Nikimlaumu karani, naviona vile vyungu, na pilau ya harusi ile niliila mimi, sahani tatu.

Haya, ninyi mnaocheka hapo, nisaidieni: je, nani aliyeiua kura ya Bi Nambua?