Teuzo Bega-la-Mwamba na Mji wa Chini

Kaeni, watu wa Pietracava, na wewe unayetafuna lozi huko nyuma acha kwanza, kwa maana jina ninalolitaja leo halitajwi mdomo ukiwa umejaa. Nasimulia habari za enzi ambazo kilima hiki hakikuwa na ukuta wala lango wala kengele, wakati wahenga wetu wakiishi kule bondeni, katika kinamasi cha mto, wakilala na mbu na kuamka na homa. Katika enzi hizo alizaliwa Teuzo, mwana wa Gerardo mchonga mawe, mjukuu wa Lamberto aliyevuka mto wenye mafuriko na fahali mabegani. Teuzo Bega-la-Mwamba, Teuzo Mpasua Majabali, ambaye alisimama mbele ya mkokoteni wa mawe uliokuwa ukiporomoka kuelekea kanisani, akauzuia kwa mgongo wake, kisha akauliza ni nani aliyeufunga vibaya namna ile.

Huyu alimwoa Aldruda binti Manfredi, mwanamke mwembamba mwenye ulimi mkali, na msicheke, kwa maana bila ulimi ule msingekuwa na pa kukaa leo. Aldruda alikuwa amewazika wanawe wa kwanza katika udongo wa kinamasi, udongo ambao jembe likichimba, maji hujaa kabla maiti hajashushwa. Tangu hapo hakuomba dhahabu wala nguo. Aliomba kitu kimoja tu: nyumba ambayo haitamnyang'anya mtu wake yeyote.

Mwaka homa ilipozidi, Teuzo alisimama mbele ya watu, akatamka: "Tunapanda kilimani. Atakayebaki, abaki na mbu wake."

Watu walisita. Kilima kilijulikana. Watu wa kale, ambao hakuna anayejua hata jina lao, walikuwa wamechonga vyumba ndani ya mwamba, wakalala juu ya vitanda vya mawe na kufa bila kumwachia yeyote habari zao. Waliokwenda huko kutafuta uyoga walirudi wakiwa kimya, na nguruwe mwitu aliyekimbilia upande ule aliachwa aende zake, kwa kuwa mbwa walikaa chini nusu ya njia na hakuna fimbo iliyowainua. Lakini Teuzo aliwatangulia, nao wakamfuata asubuhi ya ukungu mzito, bonde lote likiwa limezama katika weupe na kilima kimebaki peke yake juu, hakina jirani. Aldruda alikuwa nyuma ya mumewe, mtoto wao Ghita amefungwa mgongoni, na alipokanyaga ukingo wa mwamba alisikia chini ya nyayo zake mtu akikohoa, kikohozi cha mtu aliyelala anayejigeuza upande. Hakumwambia yeyote. Nadhani alikuwa amechoka kuzika, na aliona bora kuishi na anayekohoa.

Basi Teuzo akawafundisha kujenga, na ujenzi wenyewe mnaujua. Mwamba huu una jiwe laini lenye rangi ya asali, ambalo likiwa ndani hukatika kwa sululu, na likishatoka na kupigwa na upepo huwa gumu hata msumari hauingii. Kwa hiyo kila mtu alichimba chini ya kiwanja chake, akatoa jiwe, akainua kuta zake kwa jiwe hilohilo, mpaka kila nyumba iliyosimama juu ikawa na nafasi tupu ya ukubwa uleule chini yake. Teuzo alipita kwa kila mmoja akionyesha mahali pa kuacha nguzo, akigonga mwamba kwa nyundo na kusikiliza. Aligonga, akatega sikio, akasema, "Hapa usiguse," na hapo hapakuguswa.

Ndipo ilipowekwa ile sheria yetu ya jiwe la mwisho. Nyumba ilipokamilika, mwanamke atakayekaa humo alipewa jiwe la kufungia, akaliweka kwa mikono yake na kutaja jina lake kwa sauti, na tangu saa ile nyumba ilikuwa yake na yeye alikuwa wa nyumba. Si mume, si padri, si mtawala wa bondeni aliyeweza kumtenga nayo. Aldruda aliweka jiwe lake akilia mbele za watu, naye hakuwa mtu wa kulia.

Miaka ikawa mizuri. Mizabibu ilishuka ngazi kwa ngazi mpaka mtoni, mizeituni ikashika upande wa jua, vijana wakawinda katika misitu ya mialoni, na siku za mapumziko watu walizunguka kilima kwa miguu, kwa njia ileile ya ukingoni mnayotembeza wageni wenu, wakitazama minara ya miji mingine kwa mbali na kuicheka. Baada ya mavuno ulichezwa mchezo wa jibini: gurudumu la jibini lililokauka lilifungwa kamba, likarushwa, likakimbia barabara ya ukutani huku watu wakilifuata kwa vifijo. Mwaka mmoja Teuzo alirusha kwa nguvu kuliko wote, gurudumu likaenda mpaka likagonga lango na kulala. Watu wakanyamaza ili wapime. Na katika kimya kile kila mtu alisikia gurudumu jingine, chini ya miguu yao, bado likikimbia.

Kuanzia hapo mambo hayakujificha tena. Mwanamke alishuka chumba cha chini kuchota mvinyo akakuta sakafu imefagiwa. Mwingine alikalia benchi la mawe akaruka, kwa kuwa lilikuwa na joto la mtu aliyeinuka sasa hivi. Moshi wenye harufu ya mkate ulipenya katikati ya uwanja, mahali ambapo hapakuwa na jiko. Watu wangeweza kuzoea hayo, maana binadamu huzoea. Lakini zikaja nyufa. Upande wa kaskazini mwamba ulipasuka, kipande kikaporomoka na zizi zima la mbuzi, na kila siku ilisikika milio ya sululu kutoka chini, mingi, isiyo na mpango, huku na kule.

Mchana kweupe Teuzo alichukua nyundo yake akashuka, akapita chumba chake cha chini, akapita katika uwazi uliokuwa umefunguliwa kutoka upande wa pili na mikono ambayo haikuwa ya mtu wa Pietracava. Aldruda alimfuata mpaka ngazi ya mwisho, akasimama hapo. Aliona mwanga wa taa usiokuwa na taa. Aliona barabara kama ya juu, milango kama ya juu, na mbele ya kila mlango mtu amesimama, rangi ya vumbi, akimtazama mumewe kwa heshima.

Sauti yao ilitoka mahali pote kwa pamoja. "Tulikuwa tumelala kwenye vitanda vyetu, Bega-la-Mwamba. Mkatuchimbia nyumba. Mwenye nyumba hana usingizi, nasi tukaamka. Sasa tunachimba kama mlivyotufundisha, kila mmoja apendavyo, kwa kuwa hatuna wa kutuambia mahali pa kuacha nguzo. Ninyi mna mkuu. Sisi hatuna. Tupeni mkuu, au mji wenu uanguke ndani ya mji wetu."

Teuzo aligonga ukuta, akasikiliza. Aligonga mwingine. Mkewe alimjua mgongo wake, na aliuona mgongo ule ukishuka. Alikuwa amesikia kwamba walisema kweli, kwamba mwamba ulikuwa umeliwa mpaka karibu na uhai wake, na kwamba hakuna mwingine juu wala chini aliyeweza kuusikiliza.

Alipanda, akakusanya watu uwanjani, akatamka: "Nashuka, na sirudi. Nikiisha kuingia, ujengeni ule uwazi, kwa kuwa wafu na walio hai hawawezi kuwa na mlango mmoja. Tangu leo mtu asichimbe tena hapa, hata shimo la mzabibu ndani ya ukuta wa mji. Na jiwe la mwisho aliweke Padri Anselmo. Mwanamke yeyote asiliguse." Alisema hivyo akiwatazama wote isipokuwa Aldruda.

Walimlilia, na sioni aibu kusema kwamba mimi pia humlilia kila ninapofika hapa. Alimbusu Ghita, akamshika Aldruda mkono, akaingia na nyundo yake na mtungi wa maji. Wajenzi wakapandisha mawe na chokaa mpaka pakabaki tundu moja, na padri akainama kuchukua jiwe.

Aldruda alimpokonya. Nasema alimpokonya, kama unavyompokonya mtoto kisu. Akamwambia, "Baba Padri, nipishe, hii si misa." Akalisukuma jiwe mahali pake kwa viganja vyote viwili, akapaza sauti: "Aldruda binti Manfredi!"

Watu wakashika vichwa, maana waliijua sheria yao. Na kutoka nyuma ya ukuta ilisikika sauti ya Teuzo kwa mara ya mwisho, sauti ya mtu aliyekuwa amejipanga kwa kila kitu isipokuwa hili: "Aldruda, hapana! Nimefanya hivi ili wewe ubaki!"

"Nitabaki nikimlea huyu Ghita," akamjibu, mdomo ukiwa karibu na chokaa. "Nikimaliza, nakuja kwangu. Umenisikia, Teuzo? Kwangu."

Tangu siku ile milio ya sululu ilikoma. Ilibaki nyundo moja, ikigonga, ikinyamaza kidogo kama ya mtu anayesikiliza, kisha ikigonga mahali pengine, mchana na usiku, bila kupumzika. Nyufa hazikupanuka tena. Mnara wa kanisa, ambao ulikuwa umefika nusu, uliachwa hivyohivyo kwa sababu hakuna aliyethubutu kuutafutia jiwe, na ndiyo maana mji wetu una mnara mfupi unaochekwa bonde zima. Waache wacheke. Minara yao imeanguka.

Aldruda aliishi juu, akalima, akagombana na majirani, akazeeka. Ghita akakua, akaolewa, akaweka jiwe lake la mwisho na kutaja jina lake. Mama yake alikuwepo na alipiga makofi kuliko wote. Kesho yake, watu wakiwa katika mavuno ya zabibu, alioka mkate, akaufunga kwa kitambaa, akaufagia uwanja wake mpaka mlangoni na kushuka chumba cha chini. Waliomtafuta jioni walikuta ukuta mzima, chokaa haijaguswa, na ufagio umesimamishwa kando yake.

Wakati uleule nyundo ilinyamaza. Haikuwa imenyamaza kwa zaidi ya pumzi chache tangu Teuzo aondoke, na watu wa Pietracava walitoka nje na watoto wao mikononi, wakakaa ukingoni mwa kilima wakingoja mwamba upasuke. Ghita peke yake hakutoka. Alilala kifudifudi juu ya sakafu ya nyumba ya mama yake, sikio chini, akakaa hivyo kwa muda mrefu, kisha akaenda kuwaambia watu warudi majumbani mwao, hakuna kitakachoanguka, baba yake ameketi anakula.