Kabureta Kubwa kwenye Mlima wa Chunya

Mdomo mpana si pumzi ndefu. Mmenisikia nikimwambia hivyo Lugano, anayetaka spika kubwa kuliko redio yake, mkacheka, kisha mkauliza maneno hayo yametoka wapi. Methali hii ilianza kuenea hapa hapa Mbeya, kwenye gereji ya Sekela Mwakatobe.

Sekela alikuwa fundi wa injini za petroli, tena fundi hasa. Akiwa amelala chini ya gari moja, aliweza kusikia jingine likipita barabarani akasema plagi yake moja imekufa. Na alijijua kuwa anajua.

Siku moja Bwana Ambakisye alimletea gari la marehemu kaka yake. Lilikuwa la Kimarekani la zamani, jekundu, milango miwili, boneti ndefu kama kitanda na injini ya silinda nane. Kaka huyo alizikwa Chunya, na Jumamosi ile msalaba ungewekwa kaburini. Mama yao, Bibi Tusajigwe, alikuwa ameomba jambo moja tu: afike kule ndani ya gari la mwanawe.

Kabureta iliyokuwamo, kile kifaa kinachochanganya hewa na petroli kabla ya kuingia kwenye injini, ilikuwa imechoka, inavuja. Sekela alikuwa na mbili rafuni: moja ya kadiri, na nyingine kubwa mno, iliyotoka kwenye gari la mashindano. Akachukua kubwa bila kusita.

"Mlima wa Chunya unataka nguvu," alisema. "Injini hii tutaipa mdomo wa kumeza upepo wote wa Mbeya."

Alipoifunga na kuwasha, gari lilinguruma mpaka mabati ya gereji yakatetemeka. Majirani wakapiga makofi. Ijumaa asubuhi wakaenda kulijaribu mlimani, na Bibi Tusajigwe akakataa katakata kubaki nyumbani.

Kwenye tambarare lilikwenda vizuri. Mwinuko ulipoanza, Ambakisye akakanyaga mafuta. Gari likakohoa, likashtuka, likazimika. Kisha likaanza kurudi nyuma, na nyuma kulikuwa na korongo. Ambakisye akavuta breki kwa mikono miwili. Sekela akaruka nje, akasukuma jiwe chini ya gurudumu, akabaki amechuchumaa pale.

"Fundi!" Ambakisye alifoka. "Mama yangu yumo humu!"

Sekela alikuwa na jibu tayari mdomoni: petroli ilikuwa mbaya. Lakini Bibi Tusajigwe aliteremsha kioo taratibu.

"Mwanangu, gari hili linapumua kama Anyosisye."

"Anyosisye ni nani, Mama?"

"Mwimbaji wangu. Nimeongoza kwaya miaka thelathini. Yeye alikuwa akifungua mdomo mpaka unaona kidakatonge. Kanisa zima linageuka! Lakini ubeti ukiwa mrefu, anakatikia katikati. Waliofika mwisho ni wale waliofungua mdomo kadiri ya kifua chao. Mdomo mpana si pumzi ndefu."

Sekela akacheka peke yake.

"Si petroli, na wala si gari," alisema. "Ni mimi. Injini hii haina kifua cha kabureta ile. Upepo unaingia kwa uvivu, haunyonyi petroli ya kutosha, basi mzigo ukizidi inakosa pumzi. Nirudisheni gereji. Kesho tutapanda."

"Una hakika?" Ambakisye aliuliza.

"Leo ninayo kuliko jana."

Akafunga ile kabureta ya kadiri, akairekebisha mpaka jua linazama, akisikiliza, akikaza skrubu robo mzunguko, akisikiliza tena. Safari hii gari halikunguruma sana, na hakuna jirani aliyetoka kutazama.

Jumamosi walipanda. Gari lilivuta kona baada ya kona kwa sauti moja, halikukohoa hata mara moja. Bibi Tusajigwe alishika usukani wa mwanawe kwa macho tu, kutoka kiti cha pembeni, na walipofika kileleni akaanza wimbo wa mazishi kwa sauti ya chini. Sekela, aliyeketi nyuma, akamwitikia. Saa sita mchana msalaba ulisimama kaburini, mama akiwa mbele ya wote.

Aliyeeneza maneno yale ni Sekela mwenyewe. Kila mteja aliyemtaka amfungie kitu kikubwa kuliko gari lake alisimuliwa aibu ile ya mlimani, bila kufichwa chochote, kisha akaambiwa: mdomo mpana si pumzi ndefu.