Kiboko Akagua Pilau

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na halmashauri yao, Kiboko alikuwa mkaguzi wa nyumba za kulelea wazee. Ukimwuliza mwenyewe, hapakuwa na mkaguzi hodari kama yeye. Hodari wa kula!

Kila mwaka alikwenda kwa Fisi, mlezi wa nyumba mojawapo, akaketi sebuleni, akaletewa sinia la pilau. Nyam, nyam, nyam! Kisha akaandika ripoti: "Wazee wamenona." Kumbe huko vyumba vya nyuma wazee walikuwa mifupa mitupu.

Mwaka mmoja, siku ya ukaguzi, mzee mmoja wa nyumba ile, Pimbi, mdogo kuliko wote, akawaza, "Ripoti nyingine kama ile, tutazikwa." Akamwendea Fisi jikoni.

"Bwana Fisi, hujasikia? Mganga amemkataza mheshimiwa Kiboko mafuta, naye anaona haya kusema. Mpe uji wetu! Na hiyo pilau tuifiche huku nyuma, harufu isimtese."

"Lo! Afadhali umeniambia. Ichukueni, nitaila jioni. Ole wake atakayeonja!"

Pimbi huyoo, mbio hadi langoni kumpokea Kiboko.

"Karibu, mheshimiwa! Leo unaanza na uji. Pilau inakuja!"

Kiboko akaletewa uji, maji matupu. Akaunywa, gu gu gu! Akangoja. Fisi akaleta uji mwingine, anatabasamu. Kiboko angesemaje, naye ni mgeni? Tumbo likanguruma, ngrrr!

Mara harufu ya pilau ikamfikia. Akainuka, akaifuata, akausukuma mlango wa nyuma ambao miaka yote hakuwahi kuugusa.

Paa limetoboka! Mikeka imeoza! Na wazee, mbavu nje, wanalamba vidole juu ya sinia tupu.

"Pilau yangu!" Kiboko akalia.

"Tuwie radhi, mheshimiwa," akasema Pimbi. "Leo tumebadilishana. Uji uliokunywa ndio chakula chetu cha kila siku. Umeuonaje?"

Kiboko akawatazama wazee, akatazama kitambi chake, akaona aibu kubwa.

"Mjinga mimi!" akasema. "Mkaguzi mzima, miaka yote nakagua sinia! Katika mwili wote huu, kinachofanya kazi ni pua tu!"

Akaketi palepale kwenye mkeka uliooza, akaandika ripoti huku tumbo likinguruma, na ripoti hiyo ilikuwa ya kweli. Fisi akanyang'anywa nyumba, wazee wakapata mlezi mwingine.

Basi wanangu, ukitumwa kutazama wenzako wanakula nini, usianze kwa kula wewe.