Fisi Aliyekalia Karata

Mwaka huo mvua iliapa haiji, na kweli haikuja. Katika Bonde la Ngwesa majani yalikauka, kisha yakapeperuka, mwishowe upepo wenyewe ukakosa cha kupeperusha. Swala wakahama, pundamilia wakafuata. Simba alikuwa akila panya, na kila akimaliza alijifuta midomo na kutangaza kwamba amekula nyati mzima. Nani angembishia? Wanyama waliitikia, "Hongera, mfalme," wakaenda zao.

Nyumbani kwa Bwana Fisi mambo yalikuwa mabaya zaidi, kwa sababu huko kulikuwa na Bwana Fisi. Mkewe alitoka kila alfajiri kutafuta mizoga, na siku ya bahati alirudi na mfupa mmoja. Mfupa mmoja kwa walaji wanne: yeye, mumewe, binti yao mkubwa Sikitu, na Tindi, kitindamimba wao. Cha maana kilikuwa uboho ulio ndani. Ukishautoa huo, kilichobaki ni cha kuguguna tu ili meno yasisahau kazi.

Siku ya kwanza waligombana mpaka majirani wakatoka nje kusikiliza. Siku ya pili Bwana Fisi alisafisha koo.

"Hii ni aibu," alisema. "Sisi ni familia yenye heshima zake. Kuanzia leo hatugombanii mfupa. Tutacheza karata, nyumba nzima, na atakayeshinda atakula uboho."

Karata walikuwa nazo. Wachungaji walipohama waliacha seti nzima chini ya jiwe, pembe zimeliwa kidogo na mchwa, lakini zimetimia hamsini na mbili: kopa, uru, pao na shupaza. Mchezo wenyewe ulikuwa rahisi. Wanakaa mstari, kila mmoja ana karata nne. Mgawaji anampa wa kwanza karata mpya kutoka kwenye fungu. Huyo anabaki na anazozitaka na kumpisha, yaani kumpitishia, jirani yake ile asiyoitaka. Jirani naye anafanya hivyo hivyo, mpaka wa mwisho, ambaye yake anaitupa. Atakayetangulia kupata nne zinazofanana, tuseme tisa nne, anazilaza chini na kusema, "Nimefunga!"

Mgawaji alitafutwa asiyekula nyama, akapatikana Sungura. Ukoo wake na ukoo wa Fisi ni watani tangu enzi za mababu. Sungura aliweza kumwambia Fisi neno lolote, na Fisi hakuruhusiwa kukasirika, ingawa mara nyingi alijaribu.

Bwana Fisi mwenyewe ndiye aliyepanga viti. Mkewe wa kwanza, Sikitu wa pili, yeye wa tatu, na Tindi mwisho kabisa. Kwa hiyo mtoto yule hakupata karata yoyote ila ile baba yake aliyoikataa.

Siku ile Bwana Fisi akashinda. Alilaza ree nne, zile karata zenye alama moja tu katikati. Kesho yake akashinda tena, kwa ree nne. Siku ya tatu, ree nne. Kila mara alipokaribia kushinda alishikwa na kikohozi kikali, akainama, vumbi likatimka, na vumbi lilipotulia alikuwa amefunga.

"Ni akili tu," aliwaambia, huku akifyonza mfupa. "Mimi nikicheza natumia akili."

Msomaji wangu, akili hiyo alikuwa ameikalia. Ree zote nne zilikuwa chini ya makalio yake, na kikohozi kilikuwa cha kuzitoa. Akishashinda alisema ni desturi mshindi kukusanya karata, akazikusanya, na ree zikarudi zilikotoka. Na kwa kuwa hakuhitaji karata alizoshika mkononi, alizipisha kwa Tindi bila hata kuzitazama.

Siku ya tano Tindi alijikwaa mahali pasipo na jiwe. Mama yake alimwinua, akamsimamisha, miguu ikatetemeka, mtoto akakaa tena. Bi Fisi akamvuta mumewe kando.

"Baba Sikitu, keshokutwa alfajiri tunahama kwenda Mto Ruvungwe. Ni mwendo wa siku mbili, na mimi siwezi kumbeba. Huyu mtoto asipokula uboho hatafika. Mwachie wa kesho, nakuomba."

"Mchezo ni mchezo, Mama Sikitu. Nikimwachia, atajifunza nini?"

"Atajifunza kutembea."

"Basi na ashinde," alisema Bwana Fisi, na jicho lake lilikuwa kwenye mfupa.

Bi Fisi aliingia ndani akalia, kwa sauti ya chini ili watoto wasimsikie. Walimsikia.

Alasiri hiyo Sungura alikuwa akichanga karata peke yake pale uwanjani Tindi alipomsogelea.

"Mjomba Sungura, ree zikoje?"

"Zikoje vipi? Si unazicheza kila siku?"

"Sijawahi kushika hata moja. Dada naye hajawahi. Zinampenda Baba tu."

Masikio ya Sungura yakasimama, moja baada ya jingine. Alizihesabu karata zote. Arobaini na nane. Akazirudia, zikawa zile zile. Kisha akakumbuka kwamba juzi siafu walipita katikati ya mchezo, kila mmoja akaruka, isipokuwa Bwana Fisi. Aliumwa mpaka machozi yakamtoka, akasema anawasikitikia siafu kwa safari yao ndefu.

Sungura angeweza kumwambia pale pale, "Mtani, inuka." Lakini Fisi angekataa, kisha angesema mgawaji ndiye aliyezipoteza. Basi Sungura alimshika Tindi shavu, akamwambia, "Kesho cheza vizuri. Usiitupe karata bila kuitazama." Halafu akaupanda mlima mbio.

Ng'ambo ya mlima aliishi Bi Mshangama, mama yake Bi Fisi. Kwa fisi, mama mkwe si mtu wa mchezo. Akibisha hodi, mkwe husimama hata kama anakula, humpokea mzigo kwa mikono yake au mdomo wake, humpa kiti, naye hubaki wima mpaka aambiwe akae. Asiyefanya hivyo mke wake anaweza kurudi kwao siku hiyo hiyo, na hakuna atakayemlaumu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Masikio hayo bado yanakua tu? Una shida gani?"

Sungura akamweleza yote, hata siafu hakuwaacha. Bibi kizee alisikiliza huku akitafuna ulimi.

"Ningekuja huko keshokutwa tuhame pamoja," alisema. "Nitakuja kesho. Na lile paja langu la swala nililolianika juani kwa ajili ya njia, nitakuja nalo kichwani."

"Likiwa halijafunikwa, Bibi, itapendeza zaidi."

"Mwanangu, wewe ni mbaya," alisema Bi Mshangama, na akacheka mpaka akashika ubavu.

Kesho yake familia ilikaa kwa mchezo wa mwisho kabla ya safari. Mfupa ulikuwa katikati yao, mnene, wa nyati. Bwana Fisi alijiweka mahali pake taratibu, akajisogezasogeza kidogo, akatulia. Sungura aligawa. Akatoa karata ya kwanza kutoka kwenye fungu.

"Pisha!"

Bi Fisi akapisha kwa Sikitu, Sikitu kwa baba yake, baba kwa Tindi bila kutazama. Tindi aliitazama sana ile karata kabla ya kuamua. Alikuwa na saba mbili. Mzunguko wa nne baba yake akampisha saba ya pao. Tindi akaificha kati ya nyingine.

"Pisha!" Sungura alisema, lakini jicho lake lilikuwa mlimani.

Bwana Fisi akaanza kukohoa. Kikohozi kilikuwa ndiyo kwanza kinapanda pale sauti iliposikika nyuma ya ua wa miiba.

"Hodi hapa!"

Kikohozi kikakatika.

"Mama!" Bi Fisi alisema, akasimama. Sikitu akasimama. Tindi naye akajikokota akasimama, karata zake kifuani. Bi Mshangama akaingia uwanjani, mgongo umenyooka, paja la swala kichwani, jekundu, limekauka vizuri.

"Shi-shikamoo, mama," alisema Bwana Fisi, akiwa amekaa. "Karibu. Karibu sana."

Wote wakamgeukia yeye.

"Marahaba, mkwe wangu," alisema Bi Mshangama polepole. "Hujambo?"

"Sijambo, mama, ila mguu umekufa ganzi."

"Mguu upi?"

Bwana Fisi akafikiri. "Yote."

"Minne?"

"Minne, mama. Kwa pamoja. Ni huu ukame."

"Baba Sikitu," Bi Fisi alisema, "mama yangu amesimama na mzigo."

"Namwona, mke wangu. Nasikitika sana."

Sikitu akakimbia kumpokea, bibi yake akamzuia kwa mkono. "Tulia, mjukuu wangu. Nina mkwe mimi, nilipokea mahari yake. Nitangoja miguu ifufuke." Kisha akamgeukia Tindi, akamtania kama bibi anavyomtania mjukuu wake. "Na wewe, mke mwenzangu, hiyo miguu umeiazima kwa korongo?"

Tindi akatabasamu. Bibi hakutabasamu. Alikuwa ameiona miguu yenyewe, na alichokiona kilimchoma.

Akasogea hatua mbili, akasimama mbele ya Bwana Fisi, na kuinamisha kichwa kidogo tu. Harufu ya paja ikashuka. Bwana Fisi alifumba macho. Akafumba na mdomo, lakini mate yakapata njia pembeni. Pua yake ikaanza kucheza, shingo ikarefuka yenyewe. Kwa muda alipigana vita kubwa, makalio yakivuta chini, pua ikivuta juu. Kisha miguu yote minne ikapona kwa mkupuo, akaruka juu na kulidaka paja kwa meno.

"Pokea, mkwe wangu, pokea," alisema Bi Mshangama. "Pole kwa ganzi."

Pale alipokuwa amekaa zilibaki karata tatu zimetandazwa vumbini: ree ya kopa, ree ya uru, ree ya shupaza. Ya nne haikuonekana. Wote wakaitafuta kwa macho, mpaka Bwana Fisi alipogeuka kuona wanatazama nini. Ree ya pao ilikuwa imenata kwenye kalio la kulia.

"Mtani," alisema Sungura kwa upole, "nilidhani unacheza kwa akili. Sikujua unaiweka huko."

"Mmh," alisema Bwana Fisi.

"Sema, mkwe. Jitetee," alisema Bi Mshangama. "Tunakusikiliza."

Alitaka kujitetea. Alikuwa na maneno mazuri tayari, juu ya upepo, na mchwa, na Sungura. Lakini kila alipofungua mdomo paja liliteleza, na kila lilipoteleza alilibana tena. Alijaribu mara tatu. Mara ya tatu Sikitu akaangua kicheko. Mama yake alitaka kumkemea, lakini na yeye akashindwa kujizuia.

Katikati ya kicheko hicho ikasikika sauti ndogo.

"Nimefunga."

Tindi alikuwa amepiga magoti na kulaza karata zake moja moja. Saba ya kopa, saba ya uru, saba ya pao, saba ya shupaza.

"Mbili amenipa Baba," alisema. "Ya mwisho alinipisha akikohoa."

Sungura akazikagua, akazihesabu kwa kidole kama jaji, kisha akausukuma mfupa kwa mtoto. Bi Fisi akaupasua kwa meno yake, na Tindi akala uboho wote, akalamba na jiwe ulipodondokea.

Bwana Fisi alikuwa bado amesimama. Sasa alianza kulielekeza paja kooni, kidogo kidogo, kama kwa bahati mbaya.

"Hapana, mkwe," alisema Bi Mshangama. "Hilo ni la mtoni. Nimeshachoka kubeba, na wewe ndiye mwanamume wa nyumba. Utanibebea hivyo hivyo, kwa meno, mpaka Ruvungwe. Tukifika nitalitazama. Nikikuta alama moja ya jino la kutafuna, binti yangu na wajukuu zangu watakaa kwangu."

Walitoka alfajiri. Siku mbili Bwana Fisi alitembea nyuma ya wote, mdomo umejaa nyama asiyoruhusiwa kuila, mate yakichora mstari njia nzima. Sungura alitembea kando yake, akimwuliza maswali marefu na kungoja majibu kwa adabu. Kila walipopumzika wengine walikaa. Bwana Fisi hakuambiwa na mama mkwe akae, basi alisimama.

Mbele kabisa alikwenda Tindi. Siku ya kwanza alitembea. Siku ya pili, walipoanza kusikia maji, alikimbia. Akafika juu ya ukingo, akageuka, akamwita yule aliye nyuma kuliko wote.

"Baba, njoo uone! Mto una maji! Nimefika!"

Bwana Fisi aliitazama ile miguu myembamba imesimama imara juu ya ukingo, akakumbuka maombi ya mkewe na jibu alilompa. Nyama ilikuwa mdomoni, na tumbo lilikuwa tupu. Lakini kwa mara ya kwanza tangu ukame uanze, aibu yake ilikuwa kubwa kuliko njaa yake. Akalipeleka paja hadi miguuni pa mama mkwe, halina alama ya jino la kutafuna, akaliweka chini.

"Mpe Tindi kwanza," alisema.

Mimi niliwaacha hapo, wanakunywa maji.